Je, Ni Haki Taifa Lenye Wenye Njaa Kupeleka Chombo Mwezini?

Mwaka wa 1970 mtawa mmoja wa Kanisa Katoliki, jina lake Sista Mary Jucunda, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Zambia, alimwandikia barua bwana mmoja huko Marekani. Bwana huyo aliitwa Ernst Stuhlinger, mzaliwa wa Ujerumani, naye alikuwa mmoja wa wakuu wa sayansi katika NASA, ndilo shirika la serikali ya Marekani lishughulikalo na anga za juu. Mwaka uliotangulia shirika hilo lilikuwa limewafikisha watu mwezini, na Bwana Stuhlinger alikuwa akinena habari za kuwapeleka mbali zaidi, hata sayari ya Mirihi. Sista akamwuliza swali ambalo mtu ye yote mwenye moyo angaliuliza: yawezekanaje kutoa fedha nyingi namna hiyo kwa safari ya angani, hali watoto wanakufa kwa njaa duniani?

Bwana yule hakumdharau. Alimjibu kwa barua ndefu ya upole, akamtolea mfano. Alisema kwamba yapata miaka 400 iliyopita palikuwa na kabaila mmoja katika mji mdogo wa Ujerumani, mtu mwema aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Siku moja akakutana na mtu aliyekuwa akisugua vipande vya kioo ili atengeneze chombo cha kukuza vitu vidogo sana. Kabaila akapendezwa, akamchukua nyumbani mwake ili aendelee na kazi yake bila shida. Wenyeji wakanung'unika, maana tauni ilikuwa ikiwaua, wakasema fedha zile zingewafaa wagonjwa. Lakini katika kazi ya namna ile ndimo ilimotoka hadubini, na hadubini ndiyo iliyowasaidia waganga kuipiga vita tauni na magonjwa mengine mengi.

Ni mfano mzuri, wala hatuudharau. Walakini twaona hautoshi. Kabaila alitoa katika wingi wa mali yake mwenyewe, na swali lake ni swali la tajiri. Tena mfano wote waegemea faida: hadubini ilisaidia, basi kabaila alitenda vema. Je, kama yule msugua kioo asingalipata kitu cho chote hata kufa kwake, kabaila angalikuwa mkosaji? Sisi twataka kulichukua swali la Sista mpaka mahali linapouma zaidi, yaani katika nchi ambayo wenye njaa na warusha roketi ni watu wa taifa moja, na kodi yao huingia katika mfuko mmoja. Nchi hiyo ni Bara Hindi, yaani India.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali nasi. Karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya, Waitalia walisimamisha jukwaa baharini wakaliita San Marco, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya NASA ya kuchunguza nyota. (Setilaiti ni chombo kilichotengenezwa na watu, nacho huizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo.) Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikapewa jina la lugha yetu: Uhuru. Na mwaka wa 2023 Kenya yenyewe ikapeleka juu setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya Wamarekani. Swali la Sista, basi, limekwisha kubisha hodi kwetu. Lakini India ilianza zamani na imekwenda mbali, tena katika habari zake limo jambo moja liwahusulo hasa watu wa makanisa.

Karibu na mji wa Thiruvananthapuram, katika jimbo la Kerala, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba. Ni nchi ya mchanga na minazi kama pwani yetu. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita karibu na hapo, na kwa ajili hiyo wataalamu waliokuwa wakitafuta mahali pa kurushia roketi za kupima hewa ya juu walipaona pafaa sana. Kiongozi wao alikuwa Daktari Vikram Sarabhai, mtu wa Ahmedabad, aliyezaliwa mwaka wa 1919 katika nyumba ya matajiri wenye viwanda vya nguo. Lakini mahali walipopataka hapakuwa patupu. Palikuwa na nyumba za wavuvi, na nyumba ya askofu, na kanisa la Maria Magdalena.

Sarabhai akamwendea askofu wa mahali pale, Peter Bernard Pereira. Habari ya mambo yaliyofuata aliisimulia baadaye Abdul Kalam, Mwislamu, ambaye katika siku zile alikuwa mhandisi kijana katika kazi hiyo, na ambaye tangu mwaka wa 2002 hata 2007 alikuwa Rais wa India. Asema kwamba askofu hakujibu papo hapo, bali alimwambia Sarabhai aje kanisani siku ya Jumapili. Jumapili ilipofika, askofu akawaeleza watu wake waziwazi kwamba mtaalamu huyu anaitaka nyumba yao ya sala, na makao yao, na makao ya askofu mwenyewe, kwa ajili ya elimu itakayowafaa watu; akawauliza kama wakubali. Nao wakaitika Amina.

Basi wakahama, wakajengewa kanisa jingine mahali pengine. Kanisa la zamani likawa karakana ya roketi na nyumba ya askofu ikawa ofisi. Tarehe 21 Novemba 1963, wakati wa jioni, roketi ya kwanza iliyotoka Marekani ikarushwa kutoka pwani ile, ikamwaga mvuke wa sodiamu juu sana ili wataalamu wapime pepo za huko. Kanisa lenyewe halikubomolewa. Lingalipo, na siku hizi ni nyumba ya makumbusho ya kazi hiyo.

Hebu tusimame hapa kidogo. Ile Amina yatupendeza, nasi twaweza kuisimulia katika mikutano yetu kama mfano wa watu waliotoa. Lakini Amina ya watu wengi huweza kuficha hapana ya mtu mmoja. Mvuvi maskini akiulizwa na askofu wake kanisani, huku serikali ikingoja mlangoni, ana nafasi gani ya kukataa? Hatusemi kwamba walilazimishwa. Twasema tu kwamba mtu akitoa nyumba yake, hata kwa hiari, deni linazaliwa siku ile ile, wala deni halifutwi kwa kuwa mtoaji aliitika vizuri. Nao wa Thumba waliulizwa angalau. Katika kisiwa cha Sriharikota, pwani ya mashariki, ambako leo roketi kubwa za India hurushwa, walikaa Wayanadi, watu wa kuwinda na kukusanya vitu vya mwituni. Wengi wao walihamishwa, na majina yao hayasimuliwi na mtu.

Tarehe 15 Agosti 1969 serikali ya India iliunda shirika lake la utafiti wa anga za juu, liitwalo kwa kifupi ISRO, ambalo ni shirika la raia, si la jeshi. (Ni kweli kwamba ujuzi wa roketi ni kama kisu, humtumikia mwenye kukishika, Abdul Kalam mwenyewe alitoka huko mwaka wa 1982 akaenda kuyaunda makombora ya vita. Lakini hilo ni jambo la siku nyingine.) Wenzake wa nchi nyingine walimwuliza Sarabhai lile lile aliloulizwa Stuhlinger, tena kwa ukali zaidi: ninyi mlio maskini mwataka nini huko juu? Yeye akajibu kwa namna ambayo Stuhlinger asingaliweza. Alisema kwa maana hii, kwamba India haina ndoto ya kushindana na mataifa tajiri katika kwenda mwezini au katika sayari, wala katika kuwarusha watu. Bali katika kuutumia ujuzi mpya kwa shida za kweli za watu wake, haipaswi kuwa nyuma ya taifa lo lote. Miaka michache baadaye, tarehe 30 Desemba 1971, alifariki dunia akiwa na miaka 52, katika pwani ile ile isiyo mbali na Thumba.

Neno lile alilinena kama ahadi, na ahadi hupimwa kwa matendo. Basi na tupime.

Tangu Agosti 1975 hata Julai 1976, kwa setilaiti iliyoazimwa kutoka NASA, vijiji kama 2,400 vya majimbo 6 vilipelekewa mafundisho ya televisheni: kilimo, afya, masomo ya watoto. Vingi vya vijiji hivyo vilikuwa havijapata kuona chombo cha namna hiyo. Baadaye zikaja setilaiti za India yenyewe, za simu, za kupiga picha za mashamba na maji, na za kutazama mawingu. Wavuvi nao wakafikiwa: joto la uso wa bahari na rangi ya maji hupimwa kutoka juu, wataalamu wakatambua mahali ambapo chakula cha samaki ni kingi, kisha habari hupelekwa pwani ili mvuvi asichome mafuta ya bure akitafuta. Na kazi hizi zilifanywa na watu wasioona haya kwa umaskini wa vyombo vyao. Sehemu za roketi zilisukumwa kwa baiskeli pale Thumba, na mwaka wa 1981 setilaiti iitwayo APPLE ilipakiwa juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe ili ipimwe, kwa kuwa gari la chuma lingaliharibu vipimo. Wengine wamezicheka picha hizo. Sisi hatukuona cha kucheka.

Lakini jambo kuu ni tufani. Ghuba ya Bengal ina tufani mbaya kuliko bahari nyingi za dunia. Mwezi wa Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya Odisha, na watu waliokufa walikuwa karibu 10,000. Miaka 14 baadaye, Oktoba 2013, kikaja kingine katika jimbo lile lile, kiitwacho Phailin, nacho kilikuwa kikali mno. Safari hii watu wapata milioni 1 waliondolewa katika njia yake kabla hakijafika, na waliokufa walikuwa makumi tu. Setilaiti za ISRO, pamoja na moja iliyokuwa imerushwa Julai mwaka ule ule, ziliitazama tufani ikizaliwa na kutembea. Twapaswa kusema kweli yote: setilaiti haimbebi bibi kizee mgongoni. Kati ya mwaka wa 1999 na 2013 jimbo la Odisha lilijenga nyumba imara za kukimbilia, likawafundisha vijana wa vijiji, likapanga magari na chakula. Jicho la juu lingaliona bure kama mikono ya chini isingalikuwa tayari. Walakini bila jicho mikono isingalijua siku wala mahali.

Kama kazi ya ISRO ingalikoma hapo, tusingalikuwa na sababu ya kuandika. Sarabhai alitoa neno, wanafunzi wake wakalishika. Lakini tarehe 22 Oktoba 2008 India ilirusha chombo kiitwacho Chandrayaan-1, kikaenda kuuzunguka mwezi. Na kwa kifaa cha NASA kilichokuwamo, wataalamu wakatambua, wakatangaza mwaka wa 2009, kwamba maji, ijapokuwa machache sana, yamo katika udongo wa mwezi. Tarehe 5 Novemba 2013, majuma machache tu baada ya Phailin, kikarushwa chombo cha Mirihi, nacho kikafika tarehe 24 Septemba 2014 kwa jaribio la kwanza. Septemba 2019 chombo kingine kilijaribu kushuka juu ya mwezi kikaanguka na kuvunjika, na mkuu wa ISRO akaonekana akilia mbele ya watu wote. Hata tarehe 23 Agosti 2023 Chandrayaan-3 kikashuka salama upande wa kusini wa mwezi, karibu na ncha yake, ambako hakuna taifa lililokuwa limewahi kushuka. India ikawa taifa la 4 kushusha chombo mwezini salama, baada ya Urusi ya Kisovieti, Marekani na China.

Na chombo kile kilichoshuka kiliitwa nani? Kiliitwa Vikram, kwa jina la yule mtu aliyesema kwamba hatuna ndoto ya mwezi.

Je, ahadi ilivunjwa? Watetezi wa safari hizi wana majibu, nasi tutayasikiliza, maana si ya kijinga.

Wa kwanza hunena habari za uchache wa gharama. Safari ya Mirihi iligharimu karibu rupia milioni 4,500, na ukizigawanya kwa watu wote wa India hazifiki rupia 4 kwa kila mtu, bei isiyotosha hata chakula cha siku moja. Kazi zote za anga za India kwa mwaka hazifiki sehemu 1 katika 100 ya matumizi ya serikali. Hesabu hii ni kweli, nayo yawafunga vinywa wale wadhanio kwamba mwezi ndio uliokula mkate wa maskini. Lakini jambo haliwi haki kwa kuwa ni rahisi. Aliyechukua senti moja isiyo yake hajawa mwema kwa sababu hakuchukua shilingi. Hesabu yatuonyesha ukubwa wa swali, haitupi jibu lake.

Wa pili huelekeza kidole kwa tufani na samaki: tazama, watu wangapi wameokoka! Hapa twaomba msomaji awe macho, maana mabishano mengi hupotea njia mahali hapa. Setilaiti ya mawingu ni jambo moja, na safari ya mwezi ni jambo jingine. Chandrayaan hakikumwonya mvuvi ye yote. Ukiziweka kazi mbili katika kapu moja, ile yenye faida humbebea mwenzake mzigo, na mwenye kuuliza huaibishwa kana kwamba anazipinga nyumba za kukimbilia tufani. Kazi ya mwezi na isimame kwa miguu yake yenyewe. Huenda mtetezi akasema kwamba fundi aliyejifunza kwa kazi ngumu huifanya iliyo nyepesi vema zaidi, nasi twakubali, ni kweli kwa sehemu. Seremala aliyejenga paa la kanisa hatashindwa na banda la mbuzi. Lakini hakuna ajengaye paa la kanisa kwa kusudi la kujifunza mabanda.

Wa tatu husema: ni heshima ya taifa. Hawa twawaogopa kuliko wote. Heshima ya taifa haina kikomo wala haishibi; leo mwezi, kesho kumpita jirani. Na mara nyingi heshima hiyo hupikwa jikoni mwa wakubwa, ikapakuliwa kwa maskini badala ya chakula.

Tunakumbuka, kama wasomaji wetu wengi wanavyokumbuka, mwanamke wa Bethania na marhamu yake ya thamani kubwa, na yule aliyelalamika kwamba ingaliuzwa wakapewa maskini. Watu wamezoea kumrushia habari hiyo kila anayeuliza juu ya gharama, kana kwamba kila mwulizaji ni Yuda. Si haki. Yuda hakuwajali maskini, lakini Sista wa Zambia aliwajali, tena alikaa nao. Na yule mwanamke marhamu ilikuwa yake mwenyewe. Serikali inapovunja kibweta, marhamu ni ya watu wote, na miongoni mwao wamo wasiojua bei yake.

Basi sisi twasemaje? Twaona ya kwamba safari ya mwezini yaweza kuwa halali kwa taifa maskini, lakini kwa sababu isiyo mojawapo ya hizo tatu. Maskini ni mtu. Akishiba hata akiwa hajashiba, huinua macho usiku akauliza. Wavuvi wa Thumba waliijua njia ya bahari kwa nyota kabla Sarabhai hajazaliwa, kama manahodha wa majahazi yetu. Asemaye kwamba elimu ya mbingu ni ya walioshiba, na wengine wangojee mpaka kila sufuria ijae, huyo amewagawa wanadamu katika makundi mawili, wenye kuuliza na wenye kula tu. Tena siku ile ya kujaa kwa kila sufuria haijaonekana katika taifa lo lote, wala katika yale yaliyotangulia kwenda mwezini. Usharika maskini hununua kengele. Wazee wa baraza hubishana, mmoja husema kwamba paa la mjane fulani linavuja; naye anasema kweli. Hata hivyo twajua kwamba usharika usio na kengele mpaka mapaa yote yawe mazima hautakuwa na kengele kamwe, na mara nyingi mapaa yataendelea kuvuja vile vile.

Lakini angalia lifuatalo baada ya kengele kununuliwa. Wazee waliosema kwamba fedha haipatikani wamekwisha kuonyesha kwamba hupatikana. Waliosema kwamba watu hawawezi kushirikiana wamekwisha kuwaona wakishirikiana. Yule mzee wa paa la mjane aweza kusimama katika baraza lijalo na kusema: ndugu zangu, mlikuwa mkisema hamwezi. Kengele imewanyang'anya udhuru.

Ndivyo tuonavyo juu ya mwezi. Serikali ya India, katika uchunguzi wake wa miaka ya 2019 hata 2021, iliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa lishe mbaya. Haikukaa bure, maana hulisha shuleni watoto zaidi ya milioni 100. Walakini hao wadogo wasiofika shuleni bado ni wengi mno. Zamani mtu angaliweza kusema: ni nchi kubwa, njia ni mbaya, watumishi ni wazembe, hesabu hazitunzwi. Baada ya tarehe 23 Agosti 2023 maneno hayo hayana nguvu tena. Taifa liwezalo kukiongoza chombo bila mtu ndani yake mwendo wa kilomita zaidi ya 380,000, kikashuka polepole mahali palipochaguliwa, kwa fedha kidogo na bila kupoteza hesabu, haliwezi kunena kwamba halina watu wajuao kupanga kazi. Safari ya mwezi haikumnyima mtoto maziwa. Ilimwondolea mkubwa kisingizio cha kutoyafikisha.

Tena ISRO yaweza kufundisha jambo jingine, nalo ni kujibu mbele ya watu. Tarehe 10 Agosti 1979 roketi ya kwanza ya India iliyokusudiwa kupeleka setilaiti juu ilianguka baharini, kazi ya miaka mingi na fedha ya umma vikazama pamoja. Msimamizi wa kazi alikuwa Abdul Kalam. Lakini aliyekwenda mbele ya waandishi wa habari alikuwa Satish Dhawan, mkuu wa shirika, akasema kwamba lawama ni yake. Tarehe 18 Julai 1980 roketi ya namna ile ile ikafaulu, ndipo Dhawan akamwambia Kalam: nenda wewe ukaseme nao. Twajiuliza, watoto wanapodumaa katika wilaya fulani, ni mkubwa gani aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema, lawama ni yangu?

Na tuwarudie sasa wenye deni lao, watu wa pwani ya Kerala. Siku za mwisho za Novemba 2017 tufani iitwayo Ockhi ilizaliwa karibu sana na ncha ya kusini ya Bara Hindi, ikakua upesi. Setilaiti ziliiona. Lakini onyo la nguvu lilipotolewa, wavuvi wengi walikuwa wamekwisha kutoka, maana baadhi yao hukaa baharini siku nyingi, mbali kuliko simu zifikavyo. Katika Kerala na jimbo jirani la Tamil Nadu wavuvi zaidi ya 200 walikufa au hawakuonekana tena. Vijiji vya wavuvi vya upande wa Thiruvananthapuram vilikuwa miongoni mwa vilivyoomboleza, katika pwani ile ile iliyotoa kanisa lake. Tangu wingu mpaka setilaiti habari ilikwenda upesi. Tangu setilaiti mpaka ofisini ilikwenda. Kutoka pwani mpaka katika mashua ndipo ilipokatika. Miaka 9 kabla ya msiba huo India ilikuwa imekwisha kuufikia mwezi.

Baada ya Ockhi kazi ikaanza ya kutengeneza vifaa vidogo vya kupokea onyo kwa setilaiti mahali ambapo simu haifiki. Vya kwanza viliweza kusikia tu, havikuweza kujibu. Kisha, mwezi wa Agosti 2024, serikali ilianza mpango wa kuweka katika mashua 100,000 za pwani zote za India, bila malipo, kifaa kingine kilichotokana na kazi ya ISRO. Kwa kifaa hicho mvuvi aliye mbali hupata onyo kwa lugha yake mwenyewe, na akiwa katika hatari huweza kupeleka neno nchi kavu kwamba yuko hai, na mahali alipo.